Edita ya bure ya kuandikia Python kazini: soma leseni kabla hujapenda rangi

Kuna siku watu wa IT walipita ofisini kwetu kukagua laptopu za kampuni, kawaida tu, wanaangalia antivairasi, wanaangalia kama Windows ni halali, wanaondoka. Akafika kwangu kijana mmoja mpole, akainama akaangalia skrini, akauliza, "Kaka, hii umeilipia?" Nikamwambia hapana bwana, hii ni ya bure, ninayo mwaka wa pili sasa. Akaweka kidole juu kabisa ya dirisha, pembeni ya jina la faili, pameandikwa UNREGISTERED. Mwaka wa pili hilo neno liko mbele ya macho yangu na sijawahi kulisoma! Ilikuwa Sublime Text, edita ya kuandikia programu, na wenyewe wanasema wazi kwenye tovuti yao kwamba kuijaribu ni bure na hawakuwekei siku ya mwisho, ila ukitaka kuendelea kuitumia nunua leseni. Kosa lilikuwa langu mia kwa mia. Nikaifuta palepale nikaanza kutafuta nyingine, safari hii kwa akili.

Ndo maana mimi mtu akiniuliza "nitumie edita gani ya Python ofisini" simtajii jina kwanza, namuuliza kampuni yenu ina watu wangapi na laptopu yako ina ramu kiasi gani. Wengi wanadhani nawakwepa. (Na nikisema kodi humu simaanishi ya mwenye nyumba, namaanisha ile unayoandika kwenye kompyuta, maana kuandika "msimbo" kila mstari nitachoka mapema.)

Bure ya nyumbani siyo bure ya kazini

Hapa ndo watu wengi wanapopigwa, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Kuna bure ya kweli kabisa, yaani chanzo huria, programu ambazo kodi yake iko wazi kwa kila mtu, zenye leseni kama MIT, GPL au Apache. Hizo tumia nyumbani, tumia kazini, tumia kwenye kompyuta mia tano, hakuna atakayekuja kukudai. Thonny, Spyder, Notepad++, Geany, Vim na VSCodium zote ziko kundi hili.

Kuna bure ya kutolipia tu. VS Code ya Microsoft iko hapa, na hili linachanganya watu kwa sababu chanzo chake kipo wazi kwa leseni ya MIT, ila lile faili unaloshusha kwenye tovuti yao lina leseni ya Microsoft yenyewe na linatuma taarifa za matumizi kwao usipozima. Kwa kazi za kampuni inaruhusiwa, hilo halina shida, ila ujue tu ulichobeba.

Halafu kuna bure yenye masharti ya ukubwa, na hii ndo hatari. Visual Studio Community, nasema Visual Studio, siyo VS Code, ni vitu viwili tofauti kabisa na majina yao yameshawapoteza wengi. Ile Community kampuni ikiwa na kompyuta zaidi ya 250 au mapato ya zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka hairuhusiwi kuitumia kwa kazi zake za kawaida, na hata kampuni ndogo mwisho ni watu watano. Anaconda nayo, yaani Python iliyofungashwa pamoja na zana za data, ambayo kila kozi ya data inakwambia uishushe siku ya kwanza, toka 2020 masharti yao yanataka mashirika makubwa, ya kuanzia watu 200 hivi, yalipie. Mwanafunzi haimhusu. Wewe uliyeajiriwa benki au shirika lenye matawi nchi nzima inakuhusu, hata kama pale idarani mpo wawili na feni. Ukiwa unaihitaji conda yenyewe, ile zana yake ya kuinstoli vifurushi, chukua Miniforge, inavuta vifurushi vyake conda-forge na hailipiwi.

Na aina ya mwisho ni ile iliyonikamata mimi, ya kujaribu bila mwisho. Ukiona dirisha linajitokeza kila baada ya muda likikukumbusha kununua, hiyo siyo ya bure, ni kwamba muuzaji ni mstaarabu.

Cha kufanya ni kidogo sana: nenda tovuti ya programu, tafuta ukurasa wa leseni, tafuta neno "commercial" au "organization", soma aya hiyo moja. Dakika tano haziishi.

Sasa mashine

Laptopu za ofisi nyingi ninazokutana nazo ni zile za GB 4 au GB 8, na hiyo ramu unagawana na Excel, Outlook, Teams na kivinjari chenye tabu thelathini za bosi anayetaka vitu "sasa hivi". Usijidanganye na video za watu wenye mashine za GB 32. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, angalia pale kwenye Memory kabla hujainstoli chochote, ukiona umebakiwa na GB 1 na hujafungua hata edita, basi PyCharm, edita kubwa na nzito, isahau tu, utakuwa unaandika herufi inatokea baada ya chai.

Cha pili ni haki za admini. Ofisi nyingi huwezi kuinstoli kitu bila nywila ya IT, ila VS Code ina aina ya "User Installer" inayojiweka kwenye folda yako mwenyewe na haiombi nywila ya mtu. Sasa kuweza siyo kuruhusiwa eh, hilo nitalirudia mwishoni.

Cha tatu, bando. Ofisi yenye intaneti ya kugombaniana, PyCharm ni mamia ya MB na kila apdeti ni mzigo mwingine, Thonny unaishusha kabla maji ya chai hayajachemka na inakuja na Python yake ndani, huna haja ya kushusha vitu viwili.

Edita zenyewe, kwa jinsi ninavyoziona

Kwa watu wengi jibu langu ni VS Code, na sioni aibu kusema jibu ambalo kila mtu analisema. Inakimbia vizuri GB 8, GB 4 inajikongoja ila inafika. Yenyewe ikiwa tupu haijui Python, unaongeza ekstensheni ya Python, hakikisha mtengenezaji ameandikwa Microsoft maana zipo za kuigiza na zipo zilizowahi kukutwa na uchafu ndani, usijaze ekstensheni ishirini kwa sababu tu zina nyota nyingi. Kisha nenda kwenye settings, tafuta telemetryLevel (ndo ule utumaji wa taarifa), weka off. Kisha menyu ya File washa Auto Save, na hii nakwambia kwa uchungu, laptopu yangu ya wakati huo betri lilikuwa limekufa, umeme ukikatika nayo inazima papo hapo, kuna jioni nilipoteza kazi ya masaa matatu nikakaa gizani naangalia kioo cheusi kama mtu aliyefiwa.

Sasa kitu kimoja kwenye VS Code ambacho kinawatoa wageni wote machozi ni interprita, yaani ile Python inayoendesha faili lako. Unaandika pip install pandas kwenye teminali, lile dirisha la amri (pip ndo inayoshusha vifurushi, pandas ni kifurushi cha kushughulikia majedwali), inakubali, inakuambia successfully kabisa, unarudi kwenye faili unaendesha, inakujibu ModuleNotFoundError: No module named 'pandas'. Unainstoli tena, inakwambia tayari ipo, unaendesha, haipo. Hapo huwa mtu anaanza kulaumu kompyuta. Tatizo ni kwamba una Python mbili au tatu humo ndani, moja ya python.org, moja ya Microsoft Store, nyingine aliacha aliyekuwa na hiyo laptopu kabla yako, pip imeweka kwenye moja na edita inaendesha nyingine. Fungua faili la Python kisha angalia kona ya chini kulia ya dirisha, utaona namba ya toleo, bonyeza hapo hapo au Ctrl+Shift+P uandike Python: Select Interpreter, utaletewa orodha, chagua ya mradi wako.

Na mradi wako uwe na Python yake, siyo unachanganya zote kwenye sufuria moja. Ndani ya folda ya mradi fungua teminali uandike

py -m venv .venv

subiri kidogo, kisha

.venv\Scripts\activate

Kompyuta za ofisi hapa mara nyingi PowerShell inagoma na maandishi mekundu, "running scripts is disabled on this system", usihangaike kubishana na sera za IT, badilisha teminali iwe Command Prompt, amri ileile itapita. Baada ya hapo pip install pandas openpyxl, halafu ile kona ya chini kulia chagua yenye neno .venv. Hiyo openpyxl nimeiweka makusudi, bila hiyo pandas haifungui xlsx na itakuambia dependency inakosekana, ukiwa mgeni unaweza kudhani faili lako bovu.

Kwa wale wasiopenda kabisa Microsoft kujua wanafanya nini kuna VSCodium, ni VS Code ileile imejengwa kutoka chanzo cha MIT bila ule utumaji taarifa. Inachota ekstensheni kwenye Open VSX badala ya duka la Microsoft, kwa hiyo Pylance, ile inayokukamilishia majina vizuri, huipati kihalali kwa sababu leseni yake ni ya bidhaa za Microsoft tu. Unaishi bila hiyo, ila utaona tofauti wiki ya kwanza.

PyCharm ya JetBrains ni gari kubwa. Inaelewa Python yenyewe bila kuongezewa kitu, ukibadilisha jina la fankisheni inabadilisha kwenye mafaili yote ishirini na mara chache sana inakosea. Kwa mradi mkubwa wenye mafaili mengi na ramu ya GB 16 mimi ningeichagua hiyo kabla ya VS Code. Zamani kulikuwa na Community ya bure na Professional ya kulipia, toka 2025 wameziunganisha ikawa PyCharm moja, sehemu ya msingi bure hata kwa kazi za kampuni, na ya Pro inalipiwa. Mtego ni kwamba mwezi wa kwanza inakufungulia vya Pro vyote, unazoea zile za database na kuunganisha seva, siku ya thelathini na moja vinafungwa na mradi wako umeshavitegemea. Siku ya kwanza tu amua kwamba hivyo huvigusi.

Thonny naipenda kuliko watu wengi wanavyodhani inastahili. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanafunzi, inaonekana ya kitoto na ina vitufe vichache, ila mhasibu anayetaka skripti moja ya kuunganisha mafaili kumi ya Excel anahitaji nini zaidi? Menyu ya View, weka tiki kwenye Variables, anaona kila kigezo na thamani yake pembeni. Dada mmoja wa hesabu nilimwekea Thonny kwenye GB 4, mpaka leo hajaniuliza kitu cha pili.

Spyder ni ya watu wa data waliozoea MATLAB au RStudio, ina kioo cha kuangalia jedwali lako kama Excel. Ina instola yake ya kujitegemea, huhitaji kuipitia Anaconda, na kwa sababu nilizosema juu usiipitie. JupyterLab siyo edita hasa, ni daftari, zuri kwa kuchunguza data na kuonyesha grafu, baya kwa kitu kinachotakiwa kujiendesha chenyewe kila saa mbili usiku. IDLE inakuja na Python bure, ifungue siku umekwama huna kingine.

Notepad++ nina kisa nayo, siyo kosa lake. Mimi na mwenzangu tulikuwa na skripti moja ya ripoti, yeye anaihariri kwa Notepad++ mimi kwa kitu kingine, yake ilikuwa imesetiwa kuweka tabu na yangu inaweka nafasi nne. Machoni mistari imenyooka safi kabisa. Tarehe 31 usiku skripti inagoma, TabError: inconsistent use of tabs and spaces in indentation. Python 3 haichanganyi hivyo viwili, na sisi tunaangalia kodi hatuoni kosa kwa sababu kosa lenyewe ni hewa! Tulikuja kuliona baada ya kuwasha alama za nafasi, kwenye Notepad++ ni View kisha Show Symbol, pakajaa mishale na nukta kama njia ya siafu. Dawa yake ni Edit, Blank Operations, TAB to Space, au kwenye VS Code Ctrl+Shift+P kisha Convert Indentation to Spaces. Kwa hiyo kama mnafanya kazi wawili, siyo lazima mtumie edita moja ila lazima mkubaliane nafasi nne, ndo desturi ya Python yenyewe.

Vim usiichague, itakuchagua yenyewe siku utakapoingia kwenye seva ya Linux na hamna kitu kingine. Jifunze angalau kutoka: Esc, kisha :wq kuhifadhi na kutoka, au :q! kutoka bila kuhifadhi. Ila ukiifungua tupu soma kile kioo cha mwanzo, kinakuomba usaidie watoto maskini wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa 1991 na kufariki 2023, aliwahi kufanya kazi Kibaale kusini mwa Uganda, kwa hiyo badala ya kuuza leseni akawaomba watumiaji wachangie watoto wa huko. Programu iko kwenye seva dunia nzima na Kibaale imo ndani. Hiyo huwa nawaonyesha vijana wapya wa ofisini, wanashangaa.

Usichague kwa kusoma, jaribu nusu saa

Chukua mbili, siyo tano. Usijaribu na print("habari"), kila edita inaweza hiyo. Chukua faili lako halisi la kazi, nakala yake lakini, na kitu kama hiki:

import pandas as pd
df = pd.read_excel("mauzo.xlsx")
jumla = df["kiasi"].sum()
print(jumla)

Sasa fungua mauzo.xlsx uharibu kidogo, ile safu ya kiasi ifanye iwe maandishi, andika 15,000 na 20,000 zenye mkato zikiwa zimehifadhiwa kama text, kitu ambacho ofisini kinatokea kila wiki maana kila tawi linajaza linavyotaka. Endesha. Badala ya 35000 utapata 15,00020,000, yaani imezibandika kama maneno. Haijatoa kosa lolote, imetulia tu na uongo wake.

Edita nzuri kwako ni ile itakayokusaidia uone hilo haraka. Kwenye VS Code weka kursa mstari wa jumla, bonyeza F9 kitokee kidoti chekundu, F5, chagua Python File, programu itasimama hapo. Kushoto utaona df, na chini kwenye Debug Console andika df.dtypes, utaona kiasi siyo int wala float, hapo ndo mchawi wako. F10 unasogea mstari mmoja mmoja. Fanya hivyohivyo kwenye edita ya pili. Ile ambayo dakika ya kumi bado unatafuta kitufe kiko wapi, ifute, hata kama mtandaoni wanaisifia.

Na ukiwa hapo angalia pia feni ya laptopu inavyolia huku Teams ikiwa wazi. Hiyo nayo ni sehemu ya jaribio.

Akili bandia na data za watu

Siku hizi kila edita inakuletea msaidizi wa AI anayekumalizia mistari, na wengine wana kiwango cha bure. Ni mtamu kweli. Ila ujue anapokumalizia, vipande vya kodi yako vinapanda kwenda kwenye seva ya mtu, na kama umeweka namba za simu za wateja au nywila ya database ndani ya faili, navyo vinaweza kupanda. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayotumika toka Mei 2023, Kenya na Uganda wana za kwao toka 2019, na siku likitokea la kutokea hakuna atakayesikiliza kwamba "ilikuwa ya bure". Mimi kwenye mafaili ya wateja namzima kabisa. Nywila naiweka kwenye faili la pembeni linaloitwa .env, na hilo faili silipandishi popote.

Kabla hujainstoli, omba

Ile kuweza kuinstoli bila nywila isikupe kichwa. Mwandikie mtu wa IT, fupi, asije akaacha kusoma. Mimi niliandika hivi baada ya aibu ya ile UNREGISTERED:

"Habari kaka, naomba ruhusa ya kuweka VS Code kwa ajili ya skripti za ripoti za mwezi. Leseni yake inaruhusu matumizi ya kampuni bila malipo, linki ya leseni hii hapa chini. Naishusha tovuti ya Microsoft yenyewe, naongeza ekstensheni moja tu ya Python, telemetri nitazima, na AI sitawasha."

Akajibu baada ya nusu saa: "Weka. Halafu ukimaliza uje unifundishe hiyo ya ripoti, na sisi huku tunakesha."